Mikono Iliyofutwa

Saa mbili na nusu asubuhi Ndanu alimimina chai kikombeni, akawasha kompyuta na kukuta mkono wa mtu kwenye picha ya eksirei nambari 2,118. Haukuwa mkono wa mgonjwa. Ulikuwa wa mtu mwingine, umeushika mfupa wa mgonjwa palepale ulipovunjika, na kila Ndanu alipoikuza picha vidole vilizidi kukaza.

"Hiyo ilianza Jumatatu," akasema Opiyo, mpiga picha za eksirei, bila kugeuka. "Nimepanguza mashine mara mbili, haitoki."

Ndanu alikuwa mtafiti katika hospitali moja ya Thika, akiifundisha kompyuta kusoma picha za mifupa. Kila picha aliipa jibu moja kati ya matatu ya fomu: kuanguka, ajali ya barabarani, ugonjwa; na jibu hilo ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa. Ukiiamini fomu ile, nyumba zote kuanzia Thika hadi Ruiru zilikuwa na sakafu za utelezi. Sasa mikono ilikuwa imejitokeza kwenye picha mia tatu na kumi na mbili. Kwenye mbavu za mtoto mmoja kutoka kijiji cha Murera kulikuwa na vidole vinane mgongoni na vidole gumba viwili kifuani. Kwenye taya la bibi mmoja ilikaa ngumi yenye pete ya ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkono wa nambari 2,118 ulikuwa na vidole vinne tu. Mfupa ulikuwa wa Kui, aliyepiga deki idarani hapo, na ulivunjika katikati, pale unapovunjika mtu akiinua mkono kuukinga uso. Anayeanguka huvunjika karibu na kiganja. Hilo Ndanu alilijua tangu chuoni. Mwenye mkono alimjua pia. Alikuwa Kyengo, mume wa Kui, bawabu wa geti la mtaa wa Ndanu kule Membley, aliyeacha kidole chake cha mwisho kwenye mashine ya kiwandani. Mkono huohuo ulikuwa kwenye picha mbili za zamani za Kui.

Mara zile mbili Kui alikuwa amemsihi. "Andika nimeanguka, daktari. Akiona karatasi imeandikwa ingine, ataniua." Ndanu akaandika. Mara hii ya tatu Kui alisimama mlangoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa bendeji, ndoo kwenye mkono mzima.

"Leo andika vile iko," akasema. "Nataka kuenda nayo polisi."

Ndanu aliandika: amepigwa. Kompyuta ikakataa, akaenda kwa mkuu wa utafiti, Daktari Mwau.

"Hicho kisanduku hakiko," Mwau akasema. "Na hiyo mikono inachanganya mashine. Ifute yote. Ripoti inaenda Ijumaa."

"Daktari, huyu mama atauawa."

"Sisi ni watu wa picha, Ndanu."

Ndanu alikasirika hadi machozi yakamtoka. Hasira yake ilidumu mpaka saa sita. Woga wa kukosa kazi ulidumu zaidi. Akaketi, akafuta. Mikono mingine iling'ang'ania kingo za picha, akalazimika kuifuta kidole kimoja kimoja. Kufikia saa kumi mikono iliyofutwa ilikuwa ikipiga ngumi ndani ya kabati la kompyuta, na Opiyo akauzuia mlango kwa tofali. Kui alipewa karatasi yake: kuanguka. Aliisoma, akaikunja mara nne, akarudi kupiga deki.

Alhamisi iliyofuata Kui aliletwa kwa machela, damu ikimtoka masikioni. Fuvu lilikuwa limepasuka kama chungu, lakini picha ilitoka safi, haina mkono wowote. Kompyuta sasa ilikuwa imefuzu. Ilitoa jibu kwa sekunde nne: ameanguka, uhakika asilimia tisini na saba. Kui alikufa kabla ya saa sita. Kabatini ngumi ziligonga kwa nguvu, na Opiyo akaongeza tofali la pili.

Jumatatu baada ya mazishi, Ndanu alipofika na gari lake getini Membley, Kyengo alikuwa kazini, amevaa sweta jeusi.

"Habari ya kazi, daktari," akasema. "Asante kwa ile karatasi. Polisi waliniuliza uliza, nikawaonyesha mashine imesema alianguka."

Ndanu akampa pole ya msiba. Kyengo akamnyooshea mkono kupitia dirisha la gari, naye akaupokea. Ulikuwa na joto, na vidole vyake vinne vilikaza kidogo. Ndanu aliujua, alikuwa ameufuta mara tatu.