Samaki kwenye Kahawa

Hapa kaskazini mwa Norwei, mzee akivunja nyonga haruhusiwi kurudi kwake hivi hivi. Kwanza anaingizwa kwenye chumba kidogo cha kupikia hospitalini, nesi anaketi pembeni, mzee anapika kahawa. Akiweza, anakwenda nyumbani. Akishindwa, nyumba ya wazee inamsubiri, na huko nimeona watu wakilishwa uji jua likiwa bado juu na kuambiwa walale. Mimi sitaki. Niliogopa sana, na nikiogopa huwa mtundu.

Nesi wangu alikuwa Silje, binti wa Oslo, mpole, ila akinisemesha alipaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya ghuba.

"Haya bibi Torbjørg, tupikie kahawa. Usiwe na haraka."

"Haraka ya nini, na wewe umeshakaa?"

Nikaipita mashine yao ya kahawa, nikabandika birika, maji yalipochemka nikatia kahawa humo humo. Kisha nikatoa mkobani kipande cha ngozi ya samaki mkavu, nikakitumbukiza. Visiwani kwetu ndivyo unga wa kahawa unavyotulizwa chini. Silje akabadilika rangi.

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Samaki."

"Kwenye kahawa?"

"Ulitaka nimtie kwenye chai?"

Ningeweza kumweleza, lakini uso wake ulikuwa mtamu kuliko maelezo. Nikamimina huku najichekea. Mara nikamwona anainuka kwenda kumwita daktari, na kicheko kikanikauka.

"Kaa, mwanangu. Onja kwanza, ndipo uniite kichaa."

Akaonja kidogo, kwa woga. Akaonja tena.

"Mh. Wala hainuki samaki."

Nikajiona nimeshashinda.

"Samaki nimemwelewa," akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Lakini tuko wawili, bibi. Mbona umemimina vikombe vitatu?"

Nikatazama meza. Kweli, vilikuwa vitatu. Cha tatu, chenye sukari nyingi, kilikuwa cha Arvid, mume wangu, ambaye tulimzika mwaka jana. Na mzee anayemmiminia marehemu kahawa harudishwi nyumbani.

"Hicho nacho ni chako," nikasema. "Kwetu mgeni hanywi kimoja."

Sidhani kama Silje aliniamini. Akakivuta kile kikombe, yeye asiyegusa sukari, akakinywa chote.

"Kesho unakwenda nyumbani," akasema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia.