Viini Saba Nje ya Lango

Siku wageni kutoka Mautuma walipofika Iguhu kumposa Dinah, kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa Dinah mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukaa jikoni. Msichana anayeposwa haonekani hemani mpaka wazee waelewane, ndipo aitwe, aulizwe mbele ya watu kama anawajua wageni hawa. Akichungulia mapema, mashangazi watasema ana haraka ya kuolewa, na maneno hayo atayasikia mpaka azeeke. Basi alikaa kwenye kigoda, amevaa gauni lisilotakiwa kuguswa na moshi, katika nyumba iliyojaa moshi, akimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

Masikio, hata hivyo, hayakatazwi. Hema lilikuwa karibu na mlango wa jikoni, na spika alizoleta Simiyu zilisikika mpaka kwa majirani.

Simiyu ndiye aliyekuwa anaposa. Yeye na Dinah walisoma kompyuta darasa moja mjini Kakamega, na sasa walikuwa na kazi yao ndogo ya kurusha harusi na mazishi moja kwa moja kwenye mtandao, ili jamaa walioko ng'ambo walie au wacheke kwa wakati mmoja na wa nyumbani. Kamera na mtandao vilikuwa vya Dinah. Kerneli ilikuwa ya Simiyu, na asingekubali mtu mwingine aiguse.

Kerneli ni ile programu ya ndani kabisa, inayogawa kazi zote za mashine. Watu wengi huichukua ilivyotoka kiwandani na kuendelea na maisha yao. Simiyu si watu wengi. Yeye hujijengea yake. Na kerneli, kabla hujaijenga, hukuuliza maswali, maelfu ya maswali: unataka hiki, ndiyo au hapana? Na kile, je? Simiyu alilelewa na mama ambaye hafungui lango kabla hajajua anayebisha ni mtoto wa nani, kwa hiyo katika maswali hayo alikuwa bingwa wa hapana. Kitu asichokijua, hapana. Kitu anachokijua lakini leo hakihitaji, hapana vilevile. Kerneli yake ilitoka nyembamba, naye akajivunia wembamba wake jinsi wenzake wa Mautuma wanavyojivunia unene wa ng'ombe.

Siku hiyo wembamba huo ulikuwa na kazi kubwa. Kwa akina Dinah, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika posa ya mtoto wa dada yake. Asiporidhika yeye, wengine wote wanapoteza muda. Na Mjomba Onesmus alikuwa Doha, akilinda jengo la watu matajiri. Alikuwa amepewa mapumziko mafupi ya mchana, na likizo yake ya kuja nyumbani ilikuwa mwaka wa pili kutoka huo. Alitaka kuwaona wageni kwa macho yake na kuwasikia kwa masikio yake. Wasipoelewana leo, harusi ingengoja likizo hiyo.

"Si tumpigie tu kwa simu yangu?" Senje Jescah aliuliza wiki moja kabla. Huyu ni shangazi yake Dinah, dada ya baba.

"Simu ni ndogo, senje," Simiyu alijibu, kifua mbele. "Nitaleta runinga kubwa na kamera tatu. Na kisanduku kipya cha kompyuta. Kina viini vinane."

"Viini vya mayai?"

"Vya kufikiria, senje. Ni kama vichwa vinane ndani ya chipu moja. Na kerneli nimejenga mimi mwenyewe."

Dinah alikuwa amempa jicho, lakini Simiyu anapozungumzia kerneli yake haoni jicho la mtu.

Mambo yalianza vizuri. Sura ya Mjomba Onesmus ilijaa kwenye runinga, kofia ya ulinzi kichwani, na mbele yake Senje Jescah akaweka sahani yenye firigisi ya ingokho, kuku wa kienyeji, kwa sababu firigisi ni ya mgeni wa heshima na heshima haiangalii umbali. Mzee Shivachi, msemaji wa upande wa Dinah, akamsalimia. Mjomba hakuitikia. Mzee akangoja, akakohoa, akaona ni afadhali waanze na maombi. Watu walipoinamisha vichwa na kufika pale pa kuwaombea wasafiri, spika zikapasuka kwa salamu ya mjomba:

"Mulembe! Mulembe sana!"

Watoto walicheka, mama mmoja akasema amina mahali pasipo pake.

Jikoni, Dinah aliacha kisu hewani.

Mzee Wangila, baba mdogo wa Simiyu na msemaji wa upande wa Mautuma, alisimama akasimulia jinsi mbuzi waliyemleta alivyomlalia mapajani njia nzima. Hema likacheka, mjomba akabaki ametoa macho. Mzee akaona mzaha umeishia hapo, akageukia mambo mazito. Akamtambulisha mama yake Simiyu: mjane, amelima peke yake, amesomesha watoto wanne kwa mahindi. Mama wa watu akasimama kwa unyenyekevu, na hapo hapo Mjomba Onesmus akaangua kicheko mpaka kofia ikamwanguka.

Mama yake Simiyu aliketi polepole. Wageni walitazamana.

Senje Jescah aliingia jikoni mbio, mkono kifuani. "Huyu ndugu ya mama yako amekunywanga nini huko? Anamcheka mjane wa watu!"

"Anacheka mbuzi, senje," Dinah alisema.

"Mbuzi gani?"

Lakini nje Mzee Shivachi alikuwa anajaribu kuokoa mambo. "Khotsa, wewe umekula chakula cha mchana?" alimuuliza mjomba kwa upole. Mzee alikuwa na tabia ya kutongoja majibu hata ya watu walioko mbele yake, akaendelea mpaka kwenye swali lenyewe. "Haya, Khotsa. Wageni umewaona. Umesikia walichokuja kutafuta. Je, umeridhika nao?"

Na mjomba, uso mkavu, akajibu, "Hapana. Hapana kabisa! Na sidhani kama leo itawezekana."

Dinah akasikia viti vya plastiki vikisogezwa na sauti ya Mzee Wangila ikisema taratibu, kwa heshima ya mtu aliyeumia, kwamba watu wa Mautuma wanajua kusikia neno likisemwa mara moja.

Alijua kinachotokea kama anavyojua njia ya kisimani. Mtandao ulikuwa mzima, yeye ndiye aliyeuweka asubuhi. Kilichochelewa ni kisanduku. Picha na sauti za kamera tatu zilikuwa zinapanga foleni ndani yake, foleni inarefuka kila dakika, na mjomba maskini alikuwa anajibu maswali yaliyokwisha kusahauliwa. Lakini angetokaje kusema? Hajaitwa. Simiyu naye asingeweza kuja jikoni hata nyumba ingeungua, maana mama mkwe wake alikuwa humo anasonga obusuma, ugali wa wageni, na mkwe hakanyagi jiko la mama mkwe. Kati ya mafundi wawili wa kisanduku kimoja palikuwa na ua mdogo tu wenye kuku, na hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka.

Alifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu, akaingia ndani ya kisanduku kwa njia wanayoitumia kila siku. Akafungua ule ukurasa unaoonyesha kila kiini kinavyofanya kazi. Alitarajia mistari minane. Ulikuwepo mmoja tu, mwekundu, umejaa hadi mwisho, unahema. Vile vingine saba mashine haikujua hata kama vipo.

Alicheka bila kupenda. Mama yake akamtazama kwa wasiwasi.

Akamwandikia Simiyu: "Umekuja kwetu na vibarua wanane. Mmoja analima shamba lote. Saba umewafungia nje ya lango."

Jibu lilikuja haraka. "Haiwezekani. Nilijenga upya juzi."

"Uliandika mipangilio upya, ama ulichukua ile ya kisanduku cha zamani?"

Kisanduku cha zamani kilikuwa na kiini kimoja. Kerneli ilipouliza, je, utatumia viini vingi, jibu la hapana lilikuwa jibu la haki kabisa. Na kwao Mautuma kila mkulima anajua kwamba mbegu ya dukani huirudishi shambani msimu wa pili. Mama yake Simiyu aliwahi kumchapa kwa kufanya hivyo. Mwana huyo huyo alikuwa amechukua mipangilio ya zamani, akaipanda kwenye shamba jipya, akakaa kungoja magunia.

"Maswali mapya je, uliyasoma?" Dinah aliandika.

"Nilibonyeza tu."

"Wee Simiyu!"

"Nifanye nini? Mzee Wangila ameshavaa kofia."

Kuijenga tena kungechukua mchana wote, hasa kwa kibarua mmoja. Lakini kerneli ya kiwandani ilikuwa bado imo ndani, ile nene, ile ambayo Simiyu aliisema kila siku kwamba imebeba mizigo ya watu wote duniani. Ilikuwa inajua viini vyote vinane kwa majina. Kisanduku kingezimwa kiwashwe nayo, basi. Dinah angeweza kufanya hivyo peke yake, vidole vilikuwa vinamwasha. Lakini wageni walikuwa wake Simiyu, na aibu ingekuwa yake. Akamwandikia vile mashine inavyouliza:

"Turudi kwa ile ya kiwandani? Ndiyo au hapana?"

Alingoja. Nje Mzee Shivachi alikuwa anabembeleza. Dinah alijua yule kijana, jinsi anavyopenda kile alichokijenga, jinsi alivyowaambia watu wa Iguhu na Mautuma kwamba ni kazi ya mikono yake. Alijikuta akiomba, na hakuwa anaomba habari za mashine.

"Ndiyo," simu ikasema.

Ilikuwa ndiyo yake ya kwanza wiki hiyo. Dinah akabonyeza.

Runinga ikawa nyeusi. "Ametukatia!" mtu alisema, na Mzee Wangila akasema basi, hata mlango tumefungiwa. Maandishi meupe yalikimbia kwenye kioo kama siafu, ndipo Mjomba Onesmus akarudi, anang'aa, akifuta jasho.

"Mnanisikia?" akauliza.

"Tunakusikia!" hema zima lilipiga kelele.

"Mbona mnapiga kelele? Mimi si kiziwi." Jibu lilikuja papo hapo, likiwa bado la moto. Dinah akatazama simu: mistari minane, yote inafanya kazi, hakuna hata mmoja uliochoka.

Mzee Shivachi akakaza sauti. "Khotsa, umesema hujaridhika na wageni."

"Nani? Mimi? Niliulizwa kama nimekula! Sijala kabisa, na mapumziko yanaisha." Hema likapumua. Alipoelezwa habari ya kicheko, alishika kichwa, akamwomba mama yake Simiyu radhi mara tatu, mpaka mama mwenyewe akaanza kucheka. Kisha mjomba akasogeza uso karibu. "Lakini kuna kitu kilikuwa kimeharibika hapo, na sasa kimepona. Nani amekitengeneza? Ni huyu kijana fundi niliyesikia akisifiwa?"

Dinah alisimama. Kitunguu kilianguka, kikabingirika mpaka miguuni kwa mama yake. Hapo Simiyu angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua, na yeye Dinah asingesema neno. Angeolewa naye hata hivyo. Ila angekumbuka.

"Hapana, mjomba," Simiyu alisema. "Kerneli yangu ndiyo iliharibu. Nilikuja na viini vinane nikatumia kimoja. Dinah ndiye ametengeneza, akiwa jikoni."

Wageni walinong'ona. Mzee Wangila alivua kofia, akaitazama ndani.

"Sasa ndiyo nimeridhika," Mjomba Onesmus alisema. "Nilitaka kusikia kama anaweza kusema hivyo. Na ile firigisi yangu, Jescah, mpelekee aliyetengeneza."

Senje Jescah aliingia jikoni ameibeba sahani kama amebeba kesi. "Mwanamke na firigisi! Nyanya yako angenifufukia. Kula, kula haraka kabla sijabadilisha nia."

Dinah akaitia mdomoni nzima. Firigisi haina haraka, kila aliyewahi kuila anajua, na alikuwa bado anaipigania pale jina lake lilipoitwa. Akatoka hivyo hivyo, gauni linanuka moshi, akasimama katikati ya hema.

"Binti yetu," Mzee Shivachi alisema, "watu hawa unawajua? Na huyu kijana, unamjua? Tule vyao, au tuwarudishie waende navyo?"

Dinah alitafuna. Hema lilingoja. Alimtazama Simiyu, ambaye shati lilikuwa limemgandia mgongoni, macho yamemtoka kuliko ya mjomba wakati ule wa mbuzi. Angeweza kumeza upesi zaidi. Hakutaka. Akatafuna tena, polepole, kwa raha zake.

"Imeanza tena?" Mjomba Onesmus aliuliza kutoka Doha. "Simwoni akijibu!"

Simiyu aliruka kuelekea kwenye kisanduku. Ndipo Dinah akameza.

"Namjua," alisema. "Hukawia kidogo, lakini hufika. Kuleni vyao."

Mjomba Onesmus akacheka mpaka kofia ikamwanguka tena, na safari hii kicheko kilifika pamoja na mzaha wenyewe.