Bega la Kushoto

Mhusika wangu wa tatu alikufa Jumamosi saa tisa alasiri, na hakuna aliyemlilia.

Tunacheza wanne mchezo wa kubuni hadithi mezani, katika chumba cha nyuma cha kinyozi: kinyozi mwenyewe, fundi simu wa mlango wa pili, mimi fundi cherehani, na wifi yangu muuguzi, ambaye ndiye kiongozi wa mchezo. Yeye anaisimulia dunia ya hadithi. Sisi kila mmoja anabuni mtu wa kuishi humo, anaandika sifa zake kwenye karatasi, na dadu zinaamua kama mshale umempata au umemkosa. Meza yetu ina desturi moja. Mhusika akifa, kila mtu anataja kitu kimoja atakachomkumbuka nacho. Kinyozi alipompoteza mwizi wake mwoga, tulitaja mpaka chai ikapoa. Wangu walikuwa mashujaa watatu, wazuri, hodari, wasiokosea, na wote wamezikwa kimyakimya.

"Huyu naye alikuwa na upanga," fundi simu alijaribu kuniokoa.

"Wote wana upanga," wifi akasema. "Wifi, unatuletea masanamu ya dirisha la duka. Jumamosi ijayo akizikwa mwingine kimya hivi, kiti chako nampa jirani yangu. Ananiomba tangu mwezi uliopita."

Mdomo wa wifi yangu hauna breki, hilo nalijua tangu nilipoolewa na kaka yake. Lakini safari hii alinikata maini. Wiki nzima mimi ni mama wa watu na "fundi, nguo yangu iko wapi?" Kile kiti cha plastiki ndicho mahali pekee ninapopata kuwa mtu mwingine. Niliapa sikitoi.

Wifi akakunja meza. Ni yake, huja nayo begani kutoka nyumbani. Kinyozi akanyoosha mkono amsaidie.

"Bado nina nguvu," akajibu kama kawaida yake, akaondoka nayo.

Wiki ile nilijaribu kubuni mhusika mpya, nikachana karatasi sita. Jumatano, nikitafuta vipimo vya mteja, nikafungua daftari langu, na humo ndani hakuna binadamu aliyenyooka. Huyu kibiongo, yule mguu mmoja mfupi, huyu tumbo limetangulia. Kasoro ndiyo naandika kwanza, maana usipoijua koti halikai. Kumbe mashujaa wangu niliwashonea bila kuwapima! Niliwaazima kwenye sinema, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nikafika ukurasa wa wifi. *Bega la kushoto limeshuka.* Kwa bega hilo alimnyanyua marehemu mama yake, mama mkwe wangu, kitandani kila asubuhi, miaka sita. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Hakuniita hata siku moja, na mimi, Mungu anisamehe, sikwenda bila kuitwa. Niliona aibu pale pale, peke yangu na cherehani.

Nikachukua kalamu. Mchukuzi, mwanamke wa makamo. Bega moja limeshuka. Akiona mtu na mzigo, anaunyakua. Kasoro: haombi msaada.

Jumamosi wifi aliisoma karatasi. "Hana upanga?"

"Hana."

"Haya, tutaona."

Mchukuzi alibeba gunia la dawa la mganga, mhusika mpya wa kinyozi, bila kuulizwa. Mlinzi wa fundi simu alipovunjika mguu, akambeba na yeye, huku akigombana naye njia nzima. Tukafika kwenye daraja la kamba.

"Kamba zinakatika," wifi akasema. "Mganga ameshavuka, yuko hatua tatu tu. Ukimwita, atakuvuta. Usipomwita, rusha dadu."

"Ita, dada!" kinyozi akaruka. "Niko hapa!"

Ulimi uliniwasha. Akifa, nao wakanyamaza, kiti kimekwenda. Lakini nilimjua huyu mtu, nilimpima mwenyewe. Liwalo na liwe.

"Haiti," nikasema. "Anamsukuma mlinzi ng'ambo kwanza."

Nikarusha. Moja na mbili. Mchukuzi akaanguka.

Kimya. Niliziangalia zile dadu.

"Alinipokea gunia hata sijamsalimia," kinyozi akasema taratibu.

"Mimi amenikasirisha!" Fundi simu alipiga meza. "Tulikuwa pale pale! Angeita tu."

"Hajui kuita," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilikuwa zamu yake kutaja. "Nitamkumbuka..." Mkono wake ulikuwa umeshika bega la kushoto. Hakumalizia, na hakuna aliyemhimiza.

Baadaye akakusanya karatasi. Ya mchukuzi hakuichana; aliikunja akaitia mfukoni.

"Na jirani yako?" nikauliza.

"Atafute meza yake."

Akakunja meza, akaipandisha begani, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akasimama. Akaishusha.

"Wifi," akasema bila kuniangalia, "nishikie upande huu."

Nikashika. Meza ile ni nzito, jamani.