Diski ya Maalim Alfani

Juu ya mlango wa duka lake pale Msambweni, Feisal alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA NI LINUX. WINDOWS HAINA NAFASI. Kompyuta zake tatu zilikuwa mabaki ya hoteli moja ya Diani, zimechoka mpaka kuwaka kwenyewe ni kwa dua. Yeye akazitia Linux, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta mahali pa Windows, zikafufuka. Tangu siku hiyo akawa hashikiki. Aliyemsifu alinunuliwa soda. Aliyembishia alipewa somo mpaka akajuta.

Jumatano asubuhi aliingia Bi Mwanaima wa Bodo, amemshika mkono mumewe, Maalim Alfani. Feisal aliruka kitini.

"Shikamoo Maalim. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanaima aliitikia kwa niaba ya wote wawili. Maalim alitikisa kichwa tu. Kiharusi kilimpiga mwezi wa Mfungo Tatu, kikamwachia mkono mmoja na kumnyang'anya ulimi. Huyu ndiye aliyemfundisha Feisal alifu na be, kijiti mkononi. Hakuwa mpigaji. Ukikosea, aligonga ubao mara mbili, ko, ko, nawe ukajua: rudi herufi moja nyuma, usome tena.

Bi Mwanaima alifungua pindo la leso, akatoa diski ndogo nyeusi na waya wake.

"Mna kasida ya Maalim humu, ile aliyoitunga mwenyewe, beti saba. Maulidi yetu ni kesho. Watoto wa madrasa wanaimba sita vizuri, wakifika wa saba kila mmoja anashika njia yake kama kuku waliotishwa. Maneno wanayo kwenye karatasi. Mahadhi anayo yeye peke yake, na ndiyo hayo, hawezi kuyatoa. Mwaka jana mgeni mmoja alimrekodi, akatuachia hii."

"Kuna nakala nyingine?"

"Ingekuwapo, ningepanda boda kutoka Bodo na mgonjwa?"

Feisal alicheka, akachomeka waya. "Keti, mama. Linux inaona hata kilichojificha."

Taa ya diski iliwaka, ikapepesa, ikazimika. Aliandika amri ya kuorodhesha diski zote. Ikaja ile ya ndani ya kompyuta, peke yake. Alihamia tundu la nyuma, lenye umeme wa kutosha zaidi. Safari hii jina la diski lilitokea, na kabla hajamaliza kutabasamu likapotea. Alichomoa, akachomeka. Likatokea. Alipojaribu kuifungua, skrini ikamjibu kwamba haisomeki.

Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Shati lilimganda mgongoni. Kilichomuuma zaidi ni yale maandishi mekundu mlangoni. Mwishowe akampigia Kenga, mwenye duka la kompyuta Ukunda, mtu ambaye wiki iliyopita tu alikuwa amemwita mtumwa wa Windows.

"Leo umenikumbuka, bro?" Kenga alicheka hadi simu ikakwaruza. "Hiyo Linux yako ni ya kujishow tu. Fomati hiyo diski, halafu uniletee, nina programu ya kuvuta mafaili."

"Na yasipovutika?"

"Basi ni bad luck. Lakini wewe si ndiye profesa?"

Damu ilimpanda Feisal kichwani. Akakata simu. Hatakwenda Ukunda kuchekwa! Atafomati na kuvuta mwenyewe. Alifungua programu ya diski, akatafuta neno la kufomati, akalipata. Kishale kikasimama juu yake. Kufuta kwanza, kisha kutafuta.

Ko, ko.

Aligeuka. Maalim alikuwa amegonga meza kwa kidole cha mkono wake mzima. Hakuwa akitazama skrini, wala asingeielewa. Alikuwa akiutazama uso wa mwanafunzi wake, na uso ule alikwisha kuuona zamani, wa mtoto anayetaka kuruka aya asiyoijua.

Feisal aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyeguswa na kaa la moto. "Naam, Maalim," alisema taratibu.

Akarudi nyuma. Nyuma ya kufomati kuna kusoma. Nyuma ya kusoma kuna kuonekana. Nyuma ya kuonekana kuna waya. Alichomoa waya, akalisogeza tundu la diski karibu na macho. Kabla hajaona kitu, pua ikamtangulia.

"Mama, mbona diski inanukia mawaridi?"

"Haa, itakosa kunukia? Kila Ijumaa ninaifukizia udi na kuirashia marashi. Mna sifa za Mtume humo. Ulitaka niiweke kama kijaluba cha ugoro?"

Feisal alitaka kucheka, akaona macho ya yule mama, kicheko kikageuka kitu kingine. Ndani ya tundu, vile vyuma vidogo vilikuwa vimeshika kutu ya kijani. Mwaka mzima wa mapenzi ulikuwa umekaukia mle.

Alichovya mswaki mpya katika spiriti, akasugua polepole, akapuliza, akaiacha ikauke mbele ya feni. Akatoa waya mwingine. Akachomeka, na jina likatokea, likakaa. Asije akaharibu kilichomo, aliiamuru Linux iifungue kwa kusoma tu, isiandike humo hata nukta. Kisha akanakili faili ile kwenye kompyuta, akainakili tena kwenye simu ya Bi Mwanaima, ndipo akaicheza.

Sauti ya Maalim ikajaa dukani, nzito, yenye pumzi ndefu. Bi Mwanaima alivuta leso akajifunika uso. Maalim alifumba macho. Bwana yule aliyekuwa na sauti ile, na huyu aliyekaa kitini, walikutana hapo mezani.

Ubeti wa saba ulipofika, Feisal aliufuatisha chini chini, akaushika, akateleza kwenye mkato wa mwisho.

Ko, ko.

Akarudia. Kimya. Amepata.

"Mama," alisema huku akizima kompyuta, "watoto wanakutana saa ngapi?"

"Baada ya alasiri. Lakini duka je?"

"Duka litafungwa. Ninakwenda nanyi Bodo."

Bi Mwanaima aliifunga diski katika pindo la leso, akasita. "Na marashi sasa niyarashie wapi?"

"Kwa watu, mama. Sisi hatuna tundu la waya."

Maalim alicheka. Hakikutoka kicheko kizima. Kilitoka upande mmoja wa mdomo, chenye kukwama. Bi Mwanaima alisema hajakisikia tangu Mfungo Tatu.