Sauti ya Kando ya Simu

"Hiyo mimi siwezi sema," Mama Kabura alisema, akanirudishia karatasi kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokula.

Alikuwa amesoma yote vizuri, kwa ile sauti yake ya kuongoza maombi, mpaka akafika pale mama wa mchezoni anapomfukuza mwanawe: "Nenda. Usirudi." Hapo akasita, miwani imemshuka puani.

Kundi moja la michezo ya nyimbo huko Nairobi lilikuwa likitafuta mwanamume wa kuigiza huyo mwana. Sisi wa mbali tuliruhusiwa kujirekodi kwa simu: taja jina, urefu na unakotoka, igiza kipande, kisha uimbe. Ukuta uwe mtupu nyuma yako. Na kando ya simu awepo mtu wa kukusomea maneno ya mama, asikike bila kuonekana. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumapili hiyo jioni.

Ukuta nilikuwa nao. Mtu ndiye sikuwa naye. Nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, nikiitwa kutwa nzima, Wabuge misumari, Wabuge rangi, lakini nilipotafuta wa kuketi nami nusu saa tu chumbani, nikagundua sina. Ronnie wa dukani alikubali, kisha akazima simu. Basi Jumamosi nikajisomea mwenyewe maneno ya mama kwa sauti nyembamba, nikayarekodi kwenye simu ya zamani huku nikiacha mapengo ya majibu, halafu nikasimama mbele ya simu nyingine nikabishana na mimi mwenyewe hadi koo likakauka. Mara nijikatize, mara nijisubiri kama mjinga. Nilipoitazama video nilicheka, kisha kicheko kikaniuma. Kesho yake, watu walipotoka kanisani, nikabisha kwa Mama Kabura, mwenye nyumba wangu, naye akaja chumbani kwangu.

"Ni mchezo tu, Mama," nilimbembeleza sasa. "Hata si wewe unayesema."

"Ni nani basi? Hii mdomo ndio naombea nayo watoto. Mtoto haambiwi hivyo, hata kwa mchezo."

Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya. Mvua ya Eldoret ikishika mabati yale, hata upige kelele namna gani husikiki. Nikamwambia basi, aseme atakavyo, mradi tumalize.

Tukaanza. Nilifika mwisho nimekunja ngumi, nimejaa hasira yote iliyotakiwa na karatasi. Mama Kabura akavua miwani, akanitazama mimi.

"Nenda," akasema. "Na urudi."

Nilipaswa kuimba papo hapo. Sikuweza. Mamangu alizikwa nikiwa darasa la sita, na siku niliyotoka kwa mjomba aliyenilea, kule kijijini Ziwa, na begi langu, wote waliniambia niende salama. Salama nilienda. Habari ya kurudi hakuna aliyeitaja, nami sikuwa nimejua kwamba niliingoja. Nikasimama pale nimeshikwa na aibu, halafu wimbo ukatoka wenyewe, polepole, bila hasira hata chembe. Niliuimba nikimtazama yeye. Tone la kwanza liligonga bati nikiwa kwenye mstari wa mwisho, na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kurudia, nikaituma hivyo hivyo.

Siku hizi, jukwaani Nairobi, mwigizaji mwenzangu anayekuwa mama hunifukuza sawasawa na maandishi. Anajua kazi yake. Watu wa viti vya mbele huguna kwa uchungu. Mimi huacha pengo dogo kabla ya kuimba, na mwelekezaji husifu pengo hilo, akidhani ni ufundi. Kisha taa huzimwa, tunaagana mlangoni, na kila mmoja anashika njia yake. Chumbani kwangu najifungulia mlango mwenyewe.

Lakini jibu lilipokuja kule Eldoret sikuyajua hayo. Walisema nafasi ni yangu, niende Nairobi mara moja. Chini wakaongeza: huyo mama anayekusomea, mwambie afuate maandishi. Nilicheka kwa sauti, nikageuka kutafuta wa kumwonyesha, nikakutana na ule ukuta mtupu. Nikatoka nje.

Mama Kabura alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye uteo. Nikamsomea jibu lote, pamoja na lile la kumhusu, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alitoa jiwe moja, akalitupa kando.

"Kwa hivyo wamesema uende."

"Ndiyo, Mama."

"Na wamesema utarudi lini?"

Nikaitazama simu tena, nikaisoma juu hadi chini. Hilo hawakuwa wameandika.