Mkono wa Andalu

Asubuhi hiyo Andalu alikuwa amekaa sakafuni barazani, mbele ya ubao wake wa vigingi, akiupeleka uzi wa hariri juu na kuurudisha chini, kabla haujafungwa na kutiwa rangi. Mkate wa mtama ulipoanza kuungua jikoni, aliinuka kwenda kuugeuza. Mkono wake wa kulia haukuinuka naye. Ulibaki pale vigingini, mzima toka begani, ukiendelea na kazi, bangili zikilia kama kawaida.

Mama mkwe wake, Lachamma, aliuona alipotoka kuoga.

"Afadhali," alisema. "Sasa utapata nafasi ya kufua."

Andalu akafua kwa mkono mmoja. Bega hilo lilikuwa limemsumbua tangu aolewe, na kusema kweli lilipata nafuu.

Mumewe, Sattaiah, alikuwa fundi mwenye jina. Kunyoosha uzi, kuufunga mafundo yatakayotoa picha na kuuchovya rangini ilikuwa kazi ya mkewe, ila pale kijijini aliyekaa kwenye kitanda cha mfumi ndiye aliyeitwa mfumaji. Wengine wote walisaidia, hata kama waliamka kabla yake na kulala baada yake.

Wiki hiyo bwana mmoja wa kamati ya tuzo alikuja kutoka Hyderabad kuikagua sari yenye picha za kasuku ambayo Sattaiah alikuwa ameimaliza. Andalu alikuwa akimngoja kwa hamu. Alitaka jambo moja tu, jina lake nalo litajwe.

"Bwana, sari hii ni yetu wawili," alisema, akimwekea chai. "Kasuku hawa nimewafunga mimi, mmoja mmoja."

"Ananisaidia-saidia," alisema Sattaiah.

"Wanawake wana moyo," mgeni alijibu, macho yake yakiwa barazani. "Na ule mkono ni wa nani?"

"Wangu," alisema Andalu.

"Wa nyumbani," alisema Sattaiah.

Mgeni aliutazama mkono ukifanya kazi mpaka chai ikapoa. Aliusifu sana kwa kuwa hauna maneno mengi.

Tuzo zikatoka mbili, ya ufumaji bora na ya zana bora, zote za Sattaiah. Mkono ulipelekwa mjini kwenye kiti cha mbele cha gari, umefunikwa kitambaa safi. Lachamma alikaa nyuma na mwanawe. Andalu aliambiwa gari limejaa.

Aliitazama sherehe kwenye televisheni ya jirani yake, Balamani. Mkono ulivishwa shada la maua. Sattaiah alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akaushukuru na mkono.

"Piga makofi basi, mumeo yule!" alisema Balamani.

Andalu alijipiga paja. "Inaniuma, dada," alisema. "Inaniuma vibaya."

"Wivu huo. Wangu hana hata cheti cha kupanda miti."

Kesho yake Sattaiah alirudi na shali ya heshima mabegani. Aliuweka mkono vigingini, nao ukaanza kazi pale pale, bila kupumzika baada ya safari. Kisha akaketi, akautazama mkono wa kushoto wa Andalu uliokuwa ukimmiminia chai.

"Mama Sravani," alisema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao, "na huo je? Hauwezi kutoka?"

"Ngoja kwanza amalize vyombo," alisema Lachamma.