Honi ya Mzee Idarusi

Watu wa Ngamiani wakitaka kunisifu husema Fundi Zubeiri alimfanya kiziwi asikie. Nawaacha waseme. Sina nguvu ya kugombana na kila baraza.

Kiziwi mwenyewe alikuwa Mzee Idarusi wa Barabara ya Kumi na Mbili. Miaka ishirini na mitatu alisimama mbele ya korona, ile mashine inayochana majani ya mkonge, huko mashambani upande wa Muheza, na korona ikamla masikio. Si kwamba hakusikia kabisa. Lori likipita alilisikia, mlango ukibamizwa alishtuka. Maneno ndiyo yaliyompotea, na sauti nyembamba za watoto na wanawake zilimpotea zaidi. Aliyebaki kumfikia ni dadake, Bi Mwatumu, mjane mwenye sauti nzito kama ya nahodha. Yeye alijua kumpigia kelele sikioni akaelewa, na yeye ndiye aliyechagua lipi la kumfikishia na lipi la kulimeza.

Mwaka wa hamsini na sita, wiki tatu kabla ya mfungo sita, mwezi wa maulidi, bintiye Asmahani alikuja kibandani kwangu na jirani yao mmoja mtu mzima. Alisimama mlangoni kajifunika buibui, akawa anaangalia redio zilizofumuliwa matumbo mezani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Redio imewafia?"

"Hatuna redio. Nataka babangu anisikie. Mie, si shangazi."

Akanieleza. Bi Mwatumu alikuwa amemtafutia mume, Mjaka, mtu wa karafuu kutoka Pemba, mwenye wake wawili na wana waliomzidi Asmahani umri. "Nimemwambia baba mara tatu kwamba simtaki. Hanisikii. Naona ananitazama tu. Nikiandika, karatasi huishia mkononi mwa shangazi. Kisha shangazi amwambia nalia kwa haya, kama mabikira wote."

"Na wewe wataka nini kwangu?"

"Siku ya nikahi baba atakuja kuniuliza. Babangu hawezi kunioza kwa nguvu, fundi, wamjua. Akinisikia tu, yamekwisha."

Nilimjua, ndiyo. Na mila naijua. Kabla ya kuozesha, baba huja nyuma ya pazia la chumba alichowekwa bibi harusi, akamuuliza: nikuoze kwa fulani? Mwali akisema hapana, ni hapana. Akinyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Yule binti aliogopa kusema neno zima na bado likahesabiwa kimya.

Sasa, mimi nilikuwa na kitu. Sinema moja mjini ilifungwa, vyombo vyake vikanadiwa, nikanunua kichwa cha honi, ile spika kubwa ya nyuma ya pazia la picha. Watu walinicheka. Ni dude la chuma, zito kama jiwe la kusagia, na ndani yake mna utando mwembamba usiozidi kiganja. Utando ule husukuma sauti kupitia koo jembamba, na koo likafunguka taratibu kuwa honi, na honi ikaitoa sauti imesimama, kila herufi na mahali pake. Spika ya kawaida ya karatasi hunguruma. Honi husema. Na masikio yaliyoliwa na korona hayahitaji mngurumo, hayo yanao wa kutosha.

Honi yenyewe niliijenga upya, maana ile ya sinema haikuingia hata mlangoni mwa nyumba ya Kiswahili. Nilikata mbao, nikazipinda kwa mvuke, nikazifunika kwa singa za mkonge na gundi ya seremala, tabaka juu ya tabaka, mpaka nikiigonga hailii. Nikaweka na kondensa, kidude cha kuzuia sauti nzito zisiingie kwenye kichwa. Utando ule hauwezi ngoma. Ukiupa ngoma unapasuka, na mwingine haupatikani ila Mombasa, kwa kungojea.

Jumatano, siku mbili kabla ya nikahi, nikaifunga chumbani kwa mzee, mdomo wake ukielekea kiti chake, nikaiunga na redio yangu. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa. Mzee Idarusi akainua mkono kana kwamba anamzuia mtu asitoke.

"Anasema mvua," akasema. "Anasema mvua imenyesha Lushoto!"

Akalia. Mzee mzima, kofia mkononi, analia kwa sababu ya mvua ya Lushoto. Nami nilifurahi, sifichi, nilifurahi mpaka nikajiona mkubwa. Nikamwandikia kwa herufi za Kiarabu, alizozijua vizuri, kwamba Ijumaa nitaazima maikrofoni ya watu wa maulidi, nitaipeleka chumbani kwa mwali, na honi itamletea sauti ya bintiye. Akakisoma kikaratasi mara mbili, akamgeukia dadake.

"Ijumaa usinipigie kelele," akamwambia. "Nitamuuliza mwanangu mwenyewe, na nitamsikia mwenyewe."

Bi Mwatumu alikunja uso.

Alhamisi alasiri nyumba ilijaa wanawake wa shughuli, na vijana barazani. Wakaniomba santuri. Nikawapigia, nao wakatega masikio, wakaanza kunitania: fundi, mashine yako ina mafua, ngoma iko wapi? Bi Mwatumu akaniangalia kwa jicho la kuniuliza mimi ni fundi au ni mganga. Hakuniambia nifanye lolote. Lazima niliseme hili, maana miaka yote hii nimejaribu kumbebesha yeye. Ni mimi niliyekwenda nyuma ya honi, nikaondoa kondensa, ili wasikie ngoma.

Walisikia. Nyumba ilitetemeka, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikasimama mlangoni nimekunja mikono kama bwana shauri. Santuri ilikuwa haijafika mwisho nilipoisikia honi imekwaruza, ikakata. Nikasema umeme umekatika kidogo, nikafunga mashine, nikawaaga.

Ijumaa asubuhi nikafungua kichwa. Utando ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Niliuziba kwa karatasi ya sigara na gundi, nikaukausha juani, nikajaribu. Ulitoa sauti ya kukwaruza, ndogo. Lakini mimi nilisikia. Nikajiambia, si umesema? Basi. Nilipima masikio ya Mzee Idarusi kwa masikio yangu, na nilijua nafanya hivyo. Wakati wa kwenda kumwambia Asmahani ulikuwepo. Ningemwandikia hata mzee kikaratasi. Lakini jana yake nilikuwa nimepigiwa vigelegele, na aibu ilinikaa shingoni.

Baada ya sala ya alasiri kadhi na mashahidi wakakaa barazani, Mjaka kati yao na joho lake jipya. Mimi nilikuwa ukumbini, mashine ya kukuza sauti magotini, valvu zake, vile vitaa vya kioo, zinawaka. Kushoto kwangu chumba cha mzee, mlango wazi. Kulia, nyuma ya pazia, Asmahani na maikrofoni, na shangazi yake pembeni.

Mzee akaketi mbele ya honi, akaegemeza sikio.

"Asmahani binti Idarusi," akaita, "nikuoze kwa Mjaka?"

"Sitaki, baba," akasema Asmahani.

Nilimsikia kupitia pazia, kwa sauti yake mwenyewe. Honi ilikwaruza mara moja, kama panya darini, ikafa.

Mzee akangoja. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayekiamini kifaa chake. Nikajiambia atauliza tena, na mara ya pili labda utando utashika.

"Mwanangu, nasikia kila kitu leo. Sema usiogope. Nikuoze?"

"Baba, simtaki! Wallahi simtaki!"

Bi Mwatumu alichungulia kwenye pazia, akaniangalia, akaiangalia honi. Aliona. Akarudi ndani, hakusema neno. Sauti nzito ya nyumba ile siku hiyo ilikatazwa kusema, ikatii.

Mzee akauliza mara ya tatu. Safari hii Asmahani hakujibu kitu. Alikuwa amekwisha sema mara mbili kwa baba anayesikia kila kitu, na baba bado anauliza.

Toka kiti changu hadi kwa mzee zilikuwa hatua nne. Kalamu ilikuwa mfukoni. Sikuinuka.

Mzee Idarusi akatoka, akanishika bega kwa nguvu. "Allah akulipe, fundi. Maisha yangu yote nimeambiwa. Leo nimemsikia mwanangu akinyamaza." Akaenda barazani kuozesha.

Asmahani alipotolewa kwenda Pemba baba alimnyooshea mkono wa buriani, naye akaupita kama apitaye nguzo. Watu wakasema ni haya.

Utando mpya ulifika kutoka Mombasa baada ya miezi miwili. Niliufunga bure, na kondensa nikairudisha mahali pake. Tangu hapo honi haijawahi kukwaruza. Mzee husikia taarifa ya habari, husikia kasida, na kila vipindi vya salamu vikianza hukaa karibu zaidi, maana watu wa Pemba nao hutuma salamu. Amesikia majina ya Makame wote wa Wete na Chake. La bintiye hajalisikia, wala barua hajapata. Kila alichoandika hakijajibiwa.

Juzi nilikwenda kusafisha valvu. Alinikalisha, akazima redio, akaniegemea, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi, wewe una masikio, na ulikuwa ukumbini. Siku ile mwanangu alisema neno?"

Nikachukua kalamu na karatasi. Herufi zilitoka safi, nimesomeshwa vizuri chuo cha Kurani.

Nikaandika: Hakusema kitu, mzee.

Akaisoma, akashusha pumzi, akanishukuru.